Dondoo muhimu: Barua ya deni lisilojulikana

Bahasha yenye kidirisha cha plastiki inafika. Ndani mna jina la kampuni isiyofahamika na agizo la kulipa haraka. Kwa familia za Waswahili zilizohamia Marekani, dai kama hili huweza kutokana na gari la wagonjwa au kipimo ambacho bima haikukilipia chote. Huweza pia kuwa utapeli mtupu.

Deni lisilipwe papo hapo, wala barua isitupwe.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 kuhusu wakusanya madeni inampa anayedaiwa siku 30 tangu apokee taarifa ya deni ili alipinge kwa maandishi. Akifanya hivyo, mkusanyaji analazimika kusitisha madai mpaka atume uthibitisho. Kupinga kwa simu hakumpi kinga hiyo, hata sauti ya upande wa pili iwe ya upole kiasi gani. Barua fupi inatosha: tarehe, namba ya kumbukumbu, na ombi la uthibitisho na jina la mdai wa awali. Itumwe kwa rejista, risiti ya kupokelewa ihifadhiwe pamoja na nakala. Namba ya akaunti ya benki isitajwe kabisa.

Deni la miaka mingi linahitaji uangalifu zaidi, kwani katika baadhi ya majimbo kulipa hata dola 5 kunaweza kuanzisha upya muda wa kushtakiwa.

Hati ya mahakama ni jambo jingine. Ijibiwe kabla ya tarehe iliyoandikwa, hata kama deni si la mhusika. Akinyamaza, hukumu yaweza kutolewa bila yeye, na mshahara ukakatwa.