Hodi Tatu Zinatosha: Simu za Usumbufu Zisikuendeshe

Nimesoma barua zenu zote, na nyingi safari hii zinalia kilio kimoja. Nachagua hii ibebe nyingine:

"Dada, simu yangu inaita kutwa. Mara nimeshinda zawadi, mara nadaiwa mkopo ambao sikukopa, mara namba ya nje ya nchi inaita kidogo na kukata. Nimezuia namba nyingi mpaka nimechoka, kesho zinakuja nyingine. Kuzima simu siwezi, mwanangu yuko bweni na mama yangu anaumwa. Nifanyeje? Mama wa Morogoro."

Pole sana, mdogo wangu. Umeandika mambo mengi, lakini jibu langu linaanzia pale unaposema huwezi kuzima simu. Wewe hupokei zile simu kwa sababu unazitaka. Unapokea kwa sababu unaogopa kwamba ile utakayoiacha ndiyo itakuwa ya matroni wa shule, au ya muuguzi. Matapeli wanaujua woga huo na ndio wanaoutumia. Kwa hiyo usihangaike kuwanyamazisha watu wote duniani. Hakikisha kwanza kwamba watu wako wanakupata wakati wowote, halafu wengine waite hata mara mia bila wewe kusikia.

Kabla hatujagusa simu yenyewe, tuseme jambo moja ambalo wanawake wengi hatujaambiwa. Kuacha kupokea simu ya usiyemjua si kiburi wala utovu wa adabu. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu, asipokaribishwa huondoka, na hana haki ya kununa. Simu nayo ni hodi. Umeinunua kwa hela yako, unaweka vocha wewe, na ni wewe unayeamua nani akaribishwe. Mwenye shida ya kweli atatuma meseji aseme yeye ni nani. Ukilishika hili moyoni, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu tapeli hana nguvu yoyote juu ya mtu ambaye hajampokea.

Sasa tuwatambue wanaopiga, maana kila mmoja ana dawa yake.

Wapo wa matangazo: vifurushi, bima, michezo ya kubahatisha. Hawa wanachosha zaidi ya kudhuru. Ukipokea, sema kwa upole kwamba hutaki kupigiwa tena, ukate. Usibishane, na usibonyeze tarakimu unazoelekezwa na sauti iliyorekodiwa, kwa sababu kubonyeza kunathibitisha kwamba namba yako ina mtu anayesikiliza, na unaweza kujikuta umejiunga na huduma inayokata salio. Ukiona salio linapungua bila maelezo, piga 100 uulize ni huduma gani zimeunganishwa kwenye laini yako, uziondoe zote.

Wapo wa namba za nje wanaobipu. Simu inaita mara moja usiku, asubuhi unakuta namba yenye kodi ya nchi ambako huna hata rafiki. Mchezo huu unajulikana duniani kwa jina la Kijapani, wangiri. Wanachotaka ni wewe upige. Ukipiga, dakika zako zinatozwa bei kubwa, na sehemu ya hela hiyo inarudi kwao. Dawa yake ni nyepesi: usipige. Mwenye ndugu Muscat au London anazijua kodi za huko, na ndugu wa kweli atakuandikia.

Kundi la tatu ndilo matapeli wenyewe. Hapa nakaa kidogo. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania ameshaipata. Siku hizi wanapiga kabisa. Anajitambulisha kama mtu wa huduma kwa wateja wa mtandao wako, anakuita kwa jina lako la usajili, anasema laini yako inafungwa leo au kuna muamala umekosewa. Kumbuka mambo matatu. Kwanza, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yetu ni 100. Anayejiita mhudumu huku anatumia namba ya kawaida, mkatie, kisha wewe mwenyewe piga 100 uulize. Pili, hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji namba yako ya siri wala zile tarakimu zinazokuja kwa meseji. Tatu, usibonyeze kodi yoyote unayosomewa na mtu kwenye simu. Kodi inayoanza na *21* ikifuatiwa na namba yake inahamisha simu zako zote ziende kwake, na tarakimu za uthibitisho zinazosomwa kwa sauti zitamfikia yeye. Ukishuku kwamba umeshafanya hivyo, bonyeza *#21# kuangalia, kisha ##002# kuondoa uhamishaji wote. Mtu yeyote anayekuharakisha, anayekukataza kukata simu ili uulize nyumbani, huyo ameshajitaja.

Kundi la nne ni wadai wa mikopo ya mtandaoni, na hawa wamewatoa wengi machozi. Unapigiwa kwa matusi kwamba fulani anadaiwa na wewe ni mdhamini wake, wakati hujasaini popote. Namba yako wameitoa wapi? Jirani au mfanyakazi mwenzako alipakua programu ya mkopo, programu ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake, akakubali kwa haraka ya shida. Wewe ulikuwemo kwenye orodha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, ikawaonya wananchi wasizitumie. Kwa hiyo ukibanwa na shida, kabla ya kupakua chochote, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na programu inayodai kusoma majina ya watu wako iache hapo hapo. Ndugu zako hawajakubali kuwekwa rehani.

Ukipigiwa kwa deni la mwingine, sema sentensi moja tu: "Mimi si mdhamini, sijakubali taarifa zangu zitumike, futeni namba yangu." Kata. Hifadhi meseji zao na orodha ya simu walizopiga, maana sheria iko upande wako. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko ya wananchi. Msidhani mambo haya hayafiki popote. Kwa majirani zetu Kenya, Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni yenye programu za KeCredit na Faircash, baada ya watu kulalamika kwamba majina na namba zao zilichukuliwa kwa wengine na wakawa wanapigiwa na kutumiwa meseji za vitisho. Walioanzisha safari hiyo ni wananchi wa kawaida walioandika malalamiko yao.

Wakati mwingine anayetafutwa hayupo kabisa: namba yako ilikuwa ya mtu mwingine, ikakaa bila kutumika, mtandao ukaiuza upya. Waeleze mara moja kwamba laini sasa ina mwenyewe mwingine, na wakiendelea, wazuie.

Haya, shika simu yako sasa tufanye kazi.

Anza na watu wako. Hifadhi kwa majina namba ya shule, ya matroni, ya zahanati, ya dereva wa mtoto, ya jirani aliye karibu na mama, na ya mtu wa pili pale nyumbani. Wengi wetu tuna majina mengi ya watu tusiowasiliana nao, lakini namba ya shule tumeiandika nyuma ya daftari. Kazi hii ndiyo msingi, kwa sababu vichujio vingi vinavyofuata vinauliza swali moja: huyu yumo kwenye majina au hayumo?

Ukishamaliza, washa hali ya Usinisumbue kwa saa za usiku, na kwenye mipangilio yake ruhusu simu za watu waliomo kwenye majina yako, au wale tu uliowawekea alama ya nyota. Wao wataita kwa sauti, wengine watapita kimya. Ipo na ruhusa ya anayerudia kupiga: kwenye Android, mtu yule yule akipiga tena ndani ya dakika 15, simu inaita, kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Muuguzi mwenye dharura atarudia. Anayeuza bima hatarudia haraka hivyo.

Kwa mchana, tumia kichujio. Kwenye simu nyingi za Android, fungua sehemu ya kupigia, gusa vidoti vitatu, ingia kwenye mipangilio, utakuta sehemu ya utambulisho wa anayepiga na simu taka. Iwashe. Karibu na hapo kuna orodha ya namba zilizozuiwa, na mahali pa kukataa wanaoficha namba zao. Wenye iPhone, tangu toleo la iOS 13 la mwaka 2019 mnaweza kuzinyamazisha namba msizozijua. Haziiti, ila zinabaki kwenye orodha ya simu zilizopita. WhatsApp nayo inayo huduma hiyo tangu 2023: ingia Mipangilio, Faragha, kisha Simu. Hiyo ya WhatsApp iwashe leo, haina hasara. Ile ya simu za kawaida itumie kwa busara. Siku unayosubiri majibu ya kazi, bodaboda anayeleta mzigo au simu ya hospitali, izime kwanza.

Kuhusu kuzuia namba moja moja, endelea, lakini usijichoshe. Tapeli ana laini nyingi. Ukizuia, ripoti pia, kwa sababu vichujio vinajifunza kutoka kwa ripoti za watu. Na wanaotumia programu za kutambua wanaopiga, kama Truecaller, wajue wanachokubali wanapoipakua. Soma inaomba ruhusa gani. Kama si lazima kuipa majina ya watu wako, usiipe.

Baada ya hapo, ziba tundu. Namba yako inatoka wapi? Kwenye daftari la wakala lililoachwa wazi juu ya meza, kwenye kitabu cha wageni getini, kwenye fomu za bahati nasibu sokoni, kwenye tangazo la kuuza kochi, na kwenye magrupu ya WhatsApp ambako mtu yeyote aliyeongezwa anaiona. Huwezi kuziba yote, lakini unaweza kuuliza "ya nini?" kabla ya kuandika. Magrupu usiyoyahitaji, toka. Kwenye faragha ya WhatsApp weka kwamba wanaoweza kukuongeza kwenye magrupu ni watu unaowajua. Kama unafanya biashara, tafuta laini ya pili kwa ajili ya matangazo, na hii ya familia ibaki ya familia. Kisha bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ukaifute, kwa sababu mtu anaweza kuwa anatapeli wengine kwa jina lako.

Na tapeli akikutumia meseji au kukupigia, usiishie kumtukana. Mripoti kwa meseji kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili hiyo, ufuate maelekezo utakayopewa. Inakuchukua muda mfupi, na laini hiyo ikifungwa umemwokoa mtu usiyemjua. Kama hela imeshakwenda, piga 100 hapo hapo uombe muamala uzuiwe, kisha nenda polisi.

Mama wa Morogoro, umesema mama yako anaumwa. Yeye ndiye mwenye hatari zaidi yako. Wazee wetu hupokea kila simu, na akisikia "mama, mimi mwanao, nimepata ajali," moyo unatangulia akili. Usimpe hotuba, wala usimtishe akaiogopa simu yake. Kaa naye, mhifadhie namba za watoto wake kwa majina, mwekee picha zenu kama haoni vizuri, na washa kichujio. Mwambie: "Hela hazitumwi kwa sauti ya simu peke yake, hata kama sauti ni yangu. Kata, unipigie kwa namba yangu uliyonayo. Nisipopatikana, mpigie mdogo wangu kwanza."

Halafu kubalianeni swali moja ambalo jibu lake linajulikana nyumbani tu, halijawahi kuandikwa Facebook: jina la yule mbuzi aliyekula daftari, au chumba alichozaliwa kitinda mimba. Yeyote atakayepiga kwa namba ngeni akidai ni wa kwenu, aulizwe hilo kabla ya salamu kuendelea. Mfundishe na mwanao wa bweni akija likizo. Fanyeni mazoezi mkiwa pamoja, mpaka mama aweze kuuliza bila kuona aibu.

Niandikieni mmefika wapi.

Dada yenu anayewapenda.