KUSOMA ALAMA ZA KALE: MTI, PAA NA SIMBA WA QASRU HISHAM



Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, katika somo la Tarekh tunawasoma Makhalifa wa Bani Umayya kwa majina yao na miaka waliyotawala. Safari hii tumeona tusome kitu walichokiacha ardhini, kikafukiwa, kikafukuliwa baada ya karne nyingi. Qur'ani Tukufu, katika Suratur Rum aya ya 9, imetuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliokuwa kabla yetu. Kutazama huko nako kuna adabu zake. Mtu anaweza kutazama akaelimika, na anaweza kutazama akapotea, hasa anapokutana na picha na alama zisizosema zenyewe.

FUSAYFISAA NI NINI?

Fusayfisaa, au mozaiki, ni picha inayotengenezwa kwa vipande vidogo vidogo vya mawe ya rangi au vya kioo, vinavyopangwa kimoja kimoja juu ya chokaa mbichi. Chokaa ikikauka, picha imeshika. Fundi hachori mstari kwa mkupuo kama wa kalamu. Kila ukingo wa jani, na kila jicho la mnyama, ni vijiwe vilivyochaguliwa na kuwekwa kwa mkono. Kwa hiyo tunapoiona picha ya namna hii tunajua jambo moja kwa yakini: aliyeiagiza alitoa mali, na aliyeifanya alitumia siku nyingi. Haikuwekwa pale kwa bahati.

KASRI LA KARIBU NA ARIHA

Kaskazini ya mji wa Ariha (Yeriko), katika nchi ya Palestina, pako mahali panapoitwa Khirbat al-Mafjar. Kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1948 palichimbwa na Dimitri Baramki, mwanaakiolojia wa Kipalestina, pamoja na Mwingereza Robert Hamilton. Yakatokea magofu ya kasri, msikiti, hamamu kubwa na mabomba ya maji. Katika kifusi kilipatikana kipande cha marumaru chenye maandishi ya wino yanayomtaja Hisham, yaani Khalifa Hisham bin Abdul Malik, aliyetawala mwaka 105 hadi 125 Hijria (724 hadi 743 Miladia). Ndiyo sababu pakaitwa Qasru Hisham.

Lakini angalieni jinsi elimu inavyokwenda. Hamilton mwenyewe baadaye aliona kuwa aliyelijenga hasa ni al-Walid bin Yazid, mpwa wa Hisham upande wa kaka, aliyekuwa khalifa mwaka 743 hadi 744. Tena ilidhaniwa kuwa tetemeko la ardhi la mwaka 749 lilimaliza kila kitu. Wachimbaji wa Kipalestina na wa Kimarekani walipofanya kazi pale kuanzia mwaka 2011, walikuta dalili kwamba watu waliendelea kuishi hapo hata katika zama za Bani Abbas. Jina likishazoeleka halitoshi kuwa ushahidi, na kauli ya mtaalamu wa kwanza huweza kusahihishwa na wa pili.

Sakafu ya ukumbi wa hamamu peke yake ina zaidi ya meta za mraba 800 za fusayfisaa. Ilifunikwa kwa miaka mingi ili isiharibike, na mwezi wa Oktoba 2021, baada ya kujengwa paa la kuikinga kwa msaada wa Japani, ikafunguliwa kwa watu wote.

PICHA YENYEWE

Pembeni ya ukumbi huo kipo chumba kidogo cha mapokezi. Mwisho wa chumba, mahali palipoingia ndani kwa nusu duara kama mihrabu, ipo picha mashuhuri kuliko zote. Katikati umesimama mti mkubwa wenye matunda. Upande wa kushoto wa mtazamaji, paa wawili wanakula majani kwa amani. Upande wa kulia, simba amemrukia paa wa tatu mgongoni. Ukingo wa picha umepambwa kwa matamvua, kana kwamba ni zulia lililotandikwa.

Maana yake nini? Wataalamu wamefasiri kwa njia mbalimbali. Wapo waliosema simba ni nguvu ya mtawala: anayetii hula kwa amani, anayeasi hupatilizwa. Mwaka 1997 mtaalamu Doris Behrens-Abouseif alikumbusha kwamba katika mashairi ya Waarabu paa hufananishwa na mwanamke mpendwa, akaielekeza picha kwenye mapenzi. Na tukumbuke kuwa simba anayerukia windo ni mchoro wa kale mno: umo katika mawe ya Persepolis, Uajemi, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kasri hili, na umo katika sakafu za Warumi. Basi inawezekana pia kuwa mafundi walitumia pambo walilolirithi.

HATUA TANO ZA KUSOMA ALAMA

Ya kwanza, eleza kabla ya kufasiri. Sema kilichopo, usiongeze. Mwanafunzi akiandika kuwa "simba anawafukuza paa watatu" ameshakosea, maana wawili hawana habari naye. Na hapo ndipo penye fumbo la picha.

Ya pili, tazama mahali. Picha hii iko mahali pa heshima, anapoketi mwenyeji akipokea wageni. Ingekuwa jikoni tungeiwazia vingine.

Ya tatu, tafuta maandishi na mashahidi wa zama zile. Katika Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa na al-Walid bin Abdul Malik kati ya mwaka 706 na 715, kuta zina fusayfisaa za miti, mito na majumba, bila mtu wala mnyama. Wapo wanaosema ni Pepo, na wapo wanaosema ni mto Barada na bustani za Damascus. Al-Muqaddasi, msafiri na mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kuwa karibu kila mji uliojulikana ulichorwa katika kuta zile. Huyo ni shahidi wa kale, aliyeziona zikiwa kamili kuliko zilivyo leo, na lazima asikilizwe. Hata hivyo naye aliandika zaidi ya miaka 200 baada ya ujenzi, kwa hiyo neno lake lina uzito lakini halifungi mlango. Kwenye mti wa Ariha hatuna hata hilo: hakuna maandishi yanayoueleza.

Ya nne, linganisha, lakini usidhani kuwa kufanana ni ushahidi. Katika ukumbi wa hamamu ile ile upo mchoro mdogo wa tunda na kisu. Mwanafunzi aliyehifadhi Suratu Yusuf atakumbuka mara moja wale wanawake waliopewa visu. Ni wazo zuri, ila liandikwe kama wazo. Kisu na tunda hukaa pamoja katika kila nyumba yenye wageni.

Ya tano, pima maneno yako. Yapo ya kusema "tunaona", yapo ya kusema "inaelekea", na yapo ya kumalizia kwa "Wallahu aalam". Wanavyuoni wetu wa tafsiri, pamoja na bahari ya elimu waliyokuwa nayo, walilitumia neno hilo bila kuona haya. Sisi ni nani tulione dogo?

JE, PICHA HIZI NI HOJA YA SHERIA?

Tunajua swali hili litaulizwa: ikiwa khalifa wa Waislamu aliweka picha za wanyama, na kasrini mlikuwa hata na sanamu za watu, je, ina maana inafaa? Jibu ni kwamba tarekh na sheria ni milango miwili. Tarekh hutuambia watu walifanya nini. Sheria huchukuliwa katika Qur'ani, Sunna na ijtihadi ya wanavyuoni, na kitendo cha mfalme si dalili. Kauli mashuhuri ya wanavyuoni ni kukataza kutengeneza sura za wenye roho. Kuhusu kutumia kilicho na sura, wengi wao walitofautisha kilichotundikwa kwa heshima na kile kinachokanyagwa au kukaliwa. Walirejea Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) katika Bukhari na Muslim, juu ya pazia lenye sura ambalo Mtume (S.A.W.) alilichukia, likakatwa na kufanywa mito.

Lakini tusije tukasema kuwa mwenye kasri alifuata hoja hiyo, kwani hatuna habari ya nia yake. Tunachokiona ni hiki: ukoo ule ule wa watawala ulipojenga msikiti Damascus uliacha viumbe wenye roho, na ulipojenga kasri la starehe haukuwaacha. Walijua tofauti ya nyumba ya ibada na nyumba ya dunia. Hatuna haja ya kuyaficha hayo, wala ya kuyatetea.

NYOTA ILIYOLETA UGOMVI

Hapo hapo Qasru Hisham lipo dirisha la mviringo la jiwe la kuchonga, lenye nyota ya pembe sita. Vipande vyake viliunganishwa na kusimamishwa uani. Leo mtu akiiona nyota hiyo atasema bila kufikiri kuwa ni ya Mayahudi. Lakini dirisha lilichongwa katika karne ya 8, na bendera ya Israel imeanza kutumika mwaka 1948. Waislamu waliitumia nyota hiyo kwa karne nyingi wakiiita Khatamu Sulaiman, yaani muhuri wa Nabii Sulaiman (A.S.). Hata sarafu za shaba za Morocco za karne ya 19 zilikuwa nayo.

Tunalitaja hili kwa sababu limetugusa. Tumesikia watoto wakiambizana kuwa mswala wa mwenzao una "alama ya makafiri", na mwenye mswala akatengwa katika safu. Tumesikia watu wazima wakisambaza picha za majengo na noti, kila pembetatu ikifanywa ya Freemason na kila jicho la Dajjal. Anayesema hivyo hakueleza kabla ya kufasiri, hakutazama mahali, hakutafuta shahidi. Ameona umbo akamtia Muislamu mwenzake doa. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na aya ya 12 inatutahadharisha na dhana. Suratul Israa aya ya 36 inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Macho yameingia humo: namna tunavyotazama ni jambo la kuulizwa.

Wazazi, mtoto akija nyumbani na habari ya alama, msimkemee wala msiishadidie. Mwulizeni: umeona nini hasa? Imewekwa wapi? Nani ameandika maana yake, na aliishi lini? Maswali hayo matatu yatazima mioto mingi.

MAZOEZI

1. Taja tofauti mbili kati ya fusayfisaa za Msikiti Mkuu wa Damascus na za Qasru Hisham.
2. Kwa nini kitendo cha khalifa si dalili ya sheria?
3. Nenda ukautazame mlango wa kuchonga, au mihrabu ya msikiti wa mtaani kwenu. Andika mistari kumi ya kueleza unachokiona tu, bila kufasiri. Kisha andika mistari mitatu ya kufasiri, na kila mstari useme una ushahidi gani.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuoneshe haki tuifuate, atuoneshe batili tuiepuke, na azilinde ndimi zetu na yale tusiyoyajua. Amin.

Wabillahi Tawfiq.