Kima cha Chini cha Mshahara: Chako ni Kipi?

Ukisikia redioni kwamba kima cha chini cha sekta binafsi Tanzania Bara kimepanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322 kuanzia 1 Januari 2026, usiende kumdai tajiri wako kiasi hicho. Huo ni wastani tu: viwango vya sekta vimejumlishwa, vikagawanywa. Kila sekta ina kiwango chake. Katika amri iliyotangulia, ya 2022, muuza duka alipangiwa Sh150,000, mfanyakazi wa benki Sh592,000.

Chako utakiona wapi? Ndani ya Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara, iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Nenda kamuulize afisa kazi wa mkoa wako. Kibarua naye ana kiwango chake kwa siku na kwa saa. Mwezi huhesabiwa saa 195, kwa hiyo ile Sh150,000 ilikuwa kama Sh769 kwa saa.

Nani anapanga? Waziri wa kazi, kwa mapendekezo ya bodi ya mishahara, wanamokaa wawakilishi wa wafanyakazi, waajiri na serikali. Waajiri husema kima kikipanda sana ajira zitapungua. Wafanyakazi hujibu kuwa mshahara usiotosha nauli na unga haufai kuitwa mshahara. Wapo wataalamu wanaopaona kazini kama familia moja, na wapo wanaoona pande mbili zenye maslahi tofauti. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu muuza duka peke yake hana ubavu wa kupatana na tajiri.

“Lakini nilisaini mwenyewe.” Hata kama ulisaini, kipengele cha mkataba kinachokulipa chini ya kima hakisimami.

Basi anza kutunza ushahidi: hati ya mshahara, meseji za malipo kwenye simu, daftari la siku na saa ulizofanya kazi. Zungumza na mwajiri kwanza. Akikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA, ujaze Fomu Na. 1. Nakala mpelekee mwajiri, asaini kuwa ameipokea, nawe urudishe uthibitisho huo Tume. Huduma ni bure. Gharama yako ni nauli na fotokopi.

Angalia sana tarehe. Madai ya mshahara yafikishwe ndani ya siku 60. Ukiwa umeachishwa kazi isivyo halali, ni siku 30 tu. Ukichelewa, ipo Fomu Na. 2 ya kuomba usikilizwe nje ya muda, ila utatakiwa kueleza sababu ya msingi.