Tukibadili Bao, Mchezo Hubadilikaje?

Mwalimu mwanafunzi aendaye Shinyanga au Geita kufanya mazoezi ya kufundisha hulalamika mara nyingi kwamba zana ni chache na watoto ni wengi. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba zana moja ipo chini ya mti wa shule: bao. Wasukuma huuita mchezo wao wa jamii hii isolo, na watoto wengi huja shuleni wakiujua. Kazi yetu si kuwafundisha kucheza, bali kuwaongoza wachunguze jinsi umbo la bao linavyotawala mchezo.

Tuanze na bao la Kiswahili. Lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Kete za safu ya mbele ndizo zinazoweza kuliwa. Safu ya nyuma ni kama ghala. Katika omweso wa Uganda, wenye mashimo 32 na kete 64 pia, kete za safu zote mbili huliwa pamoja. Bao la Kiswahili lina pia shimo la mraba liitwalo nyumba, ambalo huanza na kete sita na lina sheria zake lenyewe. Katika bao la kujifunza nyumba haitumiki: kila shimo hupewa kete mbili, na mchezo huanza mara moja katika hatua ya mtaji bila kupitia namua. Kwa hiyo umbo la shimo moja tu laweza kubeba sehemu kubwa ya mchezo.

Somo lenyewe lataka vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, vikundi vichimbe bao la kujifunza. Katika kipindi cha pili wachimbe jingine lenye mashimo sita katika kila safu. Kete zibaki mbili kwa kila shimo, na sheria zibaki zile zile. Wanafunzi watatambua wenyewe kwamba mashimo sasa ni 24 na kete ni 48.

Kisha mwalimu aulize: mtu akichukua kete 14 na kuzigawa moja moja kuanzia shimo linalofuata, kete ya mwisho itaangukia wapi? Katika bao la kwanza mzunguko wa mchezaji una mashimo 16. Kete ya mwisho itaanguka mashimo mawili kabla ya lile alilolianzia. Katika bao la pili mzunguko una mashimo 12; kete ya 12 itarudi katika shimo lile lile, na ya mwisho itaanguka shimo la pili mbele yake. Hapo ndipo kugawanya kwa baki kunapopata maana: 14 kwa 12 ni moja, baki mbili. Mwanafunzi aandike makisio yake kwanza, ndipo ahakikishe kwa kete.

Tutoe tahadhari moja ya mbinu. Katika shule moja tulimwona mwanachuo aliyepunguza mashimo, akaongeza kete, na kuruhusu safu ya nyuma iliwe, yote kwa kipindi kimoja. Michezo ilikwisha upesi. Alipouliza sababu, kila kikundi kilitaja yake, na hapakuwa na njia ya kuamua nani amesema kweli. Siku iliyofuata alibadili jambo moja moja, na mabishano yakageuka kuwa uchunguzi. Kijana mmoja aliyekuwa akikosa masomo kwa ajili ya vibarua vya machimboni, na ambaye daftari lake lilikuwa karibu tupu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaja shimo la mwisho bila kugusa kete. Tusimpime mtoto kwa daftari peke yake.

Udongo nao ni sehemu ya umbo. Katika luseni, udongo wa kichanga, kingo za mashimo humomonyoka na kete huchanganyika. Udongo mweusi wa mbuga hushika umbo lakini hupasuka wakati wa kiangazi. Wanafunzi waseme ni upi unaofaa, na kwa nini.

Mwisho, jambo lisilo na mzaha. Wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu hutumia zebaki, na sumu hiyo hubaki katika marudio. Zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa kwa watoto. Kete zisiokotwe kamwe mialoni wala penye marudio, na bao lisichimbwe huko. Kokoto safi au mbegu ngumu zenye ukubwa sawa zatosha. Wanafunzi wanawe mikono baada ya kazi.

Zoezi kwa wanachuo: andaa andalio la somo ambamo unabadili jambo moja tu la bao, kisha eleza ni swali gani la hisabati litakalozaliwa na badiliko hilo.