Kabla ya Kubonyeza "Nimesoma": Jinsi ya Kusoma Mchoro wa Utaratibu wa Kazi

Tuseme umeajiriwa kaunta katika duka linalopokea malipo kwa till. Siku ya kwanza bosi anakutumia linki: "Fungua, soma utaratibu wa kurejesha pesa, halafu bonyeza Nimesoma." Unafungua na kukuta viboksi, mishale, miduara na maumbo ya almasi yamejaa skrini nzima. Wateja wamepanga foleni. Unabonyeza, kazi inaendelea.

Wiki mbili baadaye anakuja mteja. "Samahani dada, asubuhi network ilikuwa mbaya, nikalipa mara mbili. SMS hizi hapa. Nirudishie 3,400, lakini tuma kwa hii laini ingine, ile nililipa nayo imezima." SMS zinaonekana sawa, kwa hivyo unamtumia. Jioni hesabu haitoshi. Bosi anafungua ule mchoro na kukuonyesha almasi moja. Swali ambalo hukujiuliza liliandikwa hapo, na jina lako liko kwenye orodha ya waliosema wamesoma.

Leo tusome mchoro huo pamoja. Usidhani ni kazi ya watu wa IT peke yao. Mchoro wa utaratibu hujibu maswali ambayo kila anayeshika pesa ya biashara anapaswa kuyajua: nani anafanya nini, nani anaidhinisha, na mambo yakiharibika tunaenda wapi.

Anza na kichwa cha waraka

Kabla ya kuangalia mshale wowote, soma maelezo yaliyo juu au pembeni ya mchoro. Tafuta mambo matatu.

Hali yake: je, ni rasimu au umechapishwa? Rasimu bado inajadiliwa, usiifanyie kazi. Toleo na tarehe: programu huhifadhi matoleo ya zamani pia, na linki iliyotumwa kwa WhatsApp mwaka jana inaweza kukupeleka kwenye toleo ambalo limeshabadilishwa. Mwenye utaratibu: huyu ndiye mtu wa kuulizwa usipoelewa. Andika jina lake mahali, utalihitaji.

Alama chache zinatosha

Programu nyingi za kusimamia taratibu za kazi hutumia alama zinazoitwa BPMN. Toleo la 2.0 lilitolewa na Object Management Group mwaka 2011, na mwaka 2013 likawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Faida yake kwako ni kwamba ukizijua alama hizi hapa dukani, utazitambua hata ukihamia sacco, hospitali au kampuni ya mizigo.

- Mduara wa mstari mwembamba ni mwanzo. Mduara wa mstari mnene ni mwisho. Mchoro mmoja unaweza kuwa na miisho kadhaa.
- Boksi lenye kona za mviringo ni kazi ya kufanywa. Mara nyingi huanza na kitenzi: "Angalia", "Tuma", "Andika".
- Boksi lenye alama ya + chini yake lina hatua nyingine zilizofichwa ndani. Libonyeze ulifungue.
- Almasi tupu, au yenye X, ni njia panda. Unajibu swali na kufuata njia moja tu.
- Almasi yenye + maana yake njia zote zinafuatwa, na hakuna ya kuruka.
- Mshale wa mstari kamili unaonyesha hatua inayofuata. Mshale wa vipande vipande ni ujumbe kati ya pande mbili, kwa mfano kati ya duka na mteja.

Angalia vizuri hiyo alama ya +, kwa sababu huwachanganya wengi. Ndani ya almasi inamaanisha "fanya zote". Chini ya boksi inamaanisha "fungua uone zaidi".

Safu zinaonyesha nani

Mchoro mara nyingi hugawanywa kwa safu, kama mistari ya uwanja wa kukimbia. Kila safu ina jina la cheo: Keshia, Msimamizi wa zamu, Meneja. Boksi likiwa kwenye safu yako, hiyo ni kazi yako. Mshale ukivuka kuingia safu nyingine, kazi imetoka mikononi mwako na haupaswi kuimalizia.

Jambo hili ni muhimu sana kwa pesa. Biashara nyingi huweka sheria kwamba anayeanzisha malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Kwenye mchoro utaiona sheria hiyo kama mshale unaovuka kutoka safu moja hadi nyingine. Kwa hivyo meneja akikuachia PIN yake "ili mambo yaende haraka", safu mbili zimegeuka kuwa moja. Pesa ikipotea, ni vigumu kuonyesha nani aliidhinisha.

Sasa tufuate ile 3,400

Turudi kwa mteja wetu. Tuseme mchoro wa duka hilo unasema hivi.

Mduara wa mwanzo: "Mteja anadai amelipa mara mbili." Mshale unaingia kwenye boksi la Keshia lililoandikwa "Thibitisha malipo", na chini yake kuna +. Asiyelifungua atadhani kuangalia SMS kunatosha. Ukilifungua, unakuta hatua mbili: chukua nambari za muamala za malipo yote mawili, kisha uzitafute kwenye taarifa ya till. Yaani rekodi ya biashara yenyewe, siyo simu ya mteja. SMS inaweza kuandikwa na mtu yeyote na kupangwa ifanane na ya kweli. Taarifa ya till inaonyesha pesa iliyoingia.

Inafuata almasi yenye X: "Malipo yote mawili yameingia?" Njia ya Hapana inakwenda kwenye boksi "Mweleze mteja", halafu kwenye mwisho. Njia ya Ndiyo inaendelea.

Almasi ya pili: "Kiasi kinazidi 2,000?" Kikiwa chini au sawa, mshale unaingia safu ya Msimamizi wa zamu. Kikizidi, unaingia safu ya Meneja. Kwa 3,400, keshia hana ruhusa ya kurejesha peke yake, hata kama mteja anasema ukweli mtupu.

Baada ya idhini kuna almasi yenye +, na kutoka hapo njia mbili: "Rudisha pesa kwenye nambari ile ile iliyolipa" na "Andika kwenye daftari la marejesho". Zote mbili lazima. Mwisho ni mduara mnene: "Mteja amethibitisha kupokea."

Sasa hesabu makosa ya siku ile. Boksi la + halikufunguliwa. Almasi ya kiasi ilirukwa. Pesa ilitumwa kwa laini tofauti. Moja tu kati ya hatua hizo ingefuatwa, tapeli angekwama. Tena ombi la "tuma kwa laini ingine" linapaswa kukushtua. Mteja mwaminifu ambaye simu yake imezima hapotezi kitu pesa ikirudi kwa nambari aliyolipia. Ataikuta akiwasha simu.

Tafuta saa iliyobandikwa kwenye boksi

Watu wengi husoma njia nzuri tu, ile ambayo kila kitu kinaenda sawa. Lakini mteja aliyekasirika kaunta yuko kwenye njia mbaya. Angalia kingo za maboksi. Mduara wenye picha ya saa, uliobandikwa kwenye ukingo wa boksi, unaeleza kinachotokea muda ukipita.

Kwa mfano, boksi la "Meneja anaidhinisha" lina saa ya dakika 30. Mduara wa saa ukichorwa kwa mistari kamili, dakika 30 zikiisha kazi inatolewa kwa meneja na kufuata mshale mpya, labda kwa mwenye duka. Ukichorwa kwa vipande vipande, meneja anabaki na kazi yake, lakini kitu kingine kinafanyika pembeni, kama kumtumia ukumbusho. Ukijua hivyo, unaweza kumjibu mteja bila kubahatisha: "Mzee, nimeshapeleka ombi kwa meneja. Asipojibu kwa nusu saa, linakwenda kwa mwenye duka."

Herufi R, A, C na I

Ukibonyeza boksi, programu nyingine huonyesha jedwali lenye herufi hizi. R ni anayefanya kazi. A ni anayewajibika kwa matokeo, na kwa kawaida huwa mtu mmoja tu kwa kila kazi. C ni wa kuulizwa kabla. I ni wa kupewa taarifa. Ukiona jina lako kwenye I, usisubiriwe wewe ndipo kazi iendelee. Ukiona kwenye A, matatizo yakitokea utaulizwa wewe hata kama mwingine ndiye aliyebonyeza.

Jiulize haya kabla ya kubonyeza

1. Je, hili ndilo toleo lililochapishwa?
2. Safu yangu ni ipi, na ina maboksi mangapi?
3. Nimefungua kila boksi lenye +?
4. Kwa kila almasi iliyo kwenye safu yangu, nitapata jibu wapi?
5. Pesa ikikwama, mshale unaelekea kwa nani?

Ukishindwa kujibu hata moja, usibonyeze bado. Mpigie mwenye utaratibu, au mwandikie maoni kwenye boksi lenyewe kama programu inaruhusu: "Boss, taarifa ya till isipofunguka, keshia afanye nini?" Huenda mchoro wenyewe una pengo, na ni afadhali lionekane leo kuliko siku pesa itakapopotea.

Na kama wewe ndiye mwenye duka, fanya jaribio dogo. Mpe keshia wako mfano wa mteja wa 3,400, kisha umwombe afuate njia kwa kidole kwenye skrini. Atakaposita, hapo ndipo mnapohitaji kuzungumza.