Haipa na Haipo: Silabi Moja, Maradhi Mawili



Somo letu la leo ni la silabi. Msiseme silabi tumeshazimaliza darasani. Ziko silabi mbili, PA na PO, ambazo mtu akizichanganya barazani ni kicheko tu, lakini akizichanganya spitali huweza kuwa msiba.

Maneno yenyewe

Sisi kwa lugha yetu twasema: presha imepanda, sukari imeshuka. Daktari na muuguzi nao husema hivyo wakizungumza nasi. Lakini wakizungumza wao kwa wao, au wakiandika kwenye kadi, hutumia maneno ya kigeni yanayoanza kwa HAIPA au HAIPO.

Asili yake ni lugha ya Kiyunani. Ndiyo lugha ya tabibu Hippocrates, mtu wa kisiwani kama sisi, kisiwa cha Kos, aliyeishi yapata miaka 2,400 iliyopita. Vitabu vya tiba vya Wayunani vilifasiriwa kwa Kiarabu, wakavisoma matabibu wakubwa kama Ibn Sina (980–1037). Watu wa Ulaya nao wakavisoma. Ndiyo maana mpaka leo maneno mengi ya udaktari ni ya Kiyunani.

HAIPA maana yake ni juu, kupita kiasi.
HAIPO maana yake ni chini, pungufu ya kiasi.

Kwenye kadi yote mawili huanza kwa herufi H, Y, P. Hapo Y husomwa "ai". Basi tazama herufi ya nne. Ukiona E na R, ni HAIPA. Ukiona O, ni HAIPO.

Tugawe silabi

Soma polepole, kwa sauti. Kila silabi piga kofi moja.

Presha:
ha-i-pa-ten-she-ni: presha ya juu, kuanzia 140/90.
ha-i-po-ten-she-ni: presha ya chini, pungufu ya 90/60.

Sukari katika damu:
ha-i-pa-gla-i-se-mi-a: sukari imepanda.
ha-i-po-gla-i-se-mi-a: sukari imeshuka, chini ya 3.9 kwenye mashine. Mashine nyingine huhesabu kwa kipimo chengine, na kwa hiyo ni chini ya 70.

Joto la mwili:
ha-i-pa-the-mi-a: joto limepita kiasi.
ha-i-po-the-mi-a: mwili umepoa mno. Kwa mtu mzima ni chini ya 35. Kwa mtoto mchanga ni chini ya 36.5.

Hiyo "the" isome kama katika thelathini.

Kwa nini tunakosea?

Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema ba-HA-ri, ka-ra-FU-u. Basi na maneno haya ulimi wetu huyasema vivyo hivyo: haipaten-SHE-ni, haipoten-SHE-ni. Nguvu yote imekwenda mwishoni. Silabi yenye maana, PA au PO, imebaki katikati, dhaifu, imemezwa. Msikilizaji husikia "haip...tensheni" na hajui imepanda au imeshuka.

Dawa yake ni ndogo. Likate neno pande mbili. Sema ha-i-PA, pumua kidogo, kisha ten-she-ni. Sema ha-i-PO, pumua, kisha gla-i-se-mi-a.

Na ili usisahau maana, tumia Kiswahili chako mwenyewe. PA ni ya kupaa: ndege amepaa, sukari imepaa. HAIPO tunaijua sote: mchele haupo, sukari haipo. Si kwamba sukari imekwisha kabisa mwilini. Imepungua hata haitoshi.

Hatari yake

Chukua mfano. Bibi mmoja ana kisukari, yumo katika funga ya Ramadhani. Alasiri anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, anasema maneno yasiyoeleweka. Hiyo ni HAIPO. Sukari imeshuka. Ikiwa anaweza kumeza, afungue hapo hapo, asingoje magharibi. Dini imemruhusu mgonjwa kula, siku ataifidia. Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15 apimwe tena au aangaliwe. Kama hajapata nafuu apewe tena, na apelekwe kituo cha afya. Akipata nafuu, ale chakula.

Sasa tuseme kijana aliyetumwa kituoni amesikia vibaya. Amerudi nyumbani na kusema ni HAIPA. Watu wa nyumbani watamnyima bibi sukari. Pengine watamchoma sindano yake ya insulini, ambayo kazi yake ni kuishusha sukari. Hapo wanamshusha aliyekwisha kushuka. Bibi huyo huweza kuzimia, hata kufa, kwa silabi moja.

HAIPA ya sukari dalili zake ni nyengine: kiu kikali, kukojoa kila mara, uchovu, macho kuona ukungu. Huyu asipewe sukari. Apewe maji, apelekwe kituoni. Lakini ikiwa mgonjwa wa kisukari anatetemeka na kutoka jasho, na mashine hamna, mfanye kuwa ni HAIPO. Mpe sukari kisha mpeleke. Kushuka huua upesi zaidi kuliko kupanda. Aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani, akimbizwe spitali.

Kwa hiyo ukipewa habari ya mgonjwa, usiondoke na neno la kigeni peke yake. Uliza: "Daktari, imepanda au imeshuka?" Kisha irudie mbele yake kwa Kiswahili. Si aibu. Hata yeye atafurahi kujua umeelewa.

Zoezi

1. Gawa silabi za neno haipothemia.
2. Neno haipaglaisemia lina silabi ngapi? Mkazo wa kawaida uko wapi?
3. Kadi ya baba imeandikwa presha 160/100. Ni HAIPA au HAIPO?
4. Mtoto mchanga amepimwa, joto lake ni 35.8. Ni HAIPA au HAIPO? Afanyiwe nini?
5. Kwenye kadi kuna neno linaloanza kwa H, Y, P, O. Limepanda au limeshuka?

Jaribu kwanza peke yako, kisha msomee mwenzio kwa sauti. Akisikia PA pale uliposema PO, rudia.

Majibu

1. Ha-i-po-the-mi-a.
2. Silabi nane. Mkazo uko kwenye "mi".
3. HAIPA.
4. HAIPO. Akaushwe, avishwe kofia, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, na apelekwe kituoni.
5. Kimeshuka hicho kilichopimwa.