Somo: Gogo Linapopita Bandarini

Sisi wapakizi wa Mocímboa da Praia tunaujua uzito wa gogo. Leo tujifunze thamani yake.

Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Msumeno huuangusha kwa dakika chache. Kwenye matawi ya miti mikubwa huota maua ya okidi. Okidi hainyonyi mti. Hushika gome tu, ikanywa mvua na umande. Mti ukikatwa, nayo hufa.

Je, mfanyakazi anapata nini? Gogo likiondoka zima, tunalipwa ujira wa kulibeba tu. Kazi ya kupasua mbao na kuunda samani inakwenda ng'ambo. Ndiyo maana tangu Januari 2017 sheria ya Msumbiji inakataza kupeleka nje magogo ya miti ya asili.

Bandari yetu ilitekwa Agosti 2020, ikakombolewa Agosti 2021. Kazi zinaporudi, tuwe macho. Ukiona magogo yanapakiwa, iarifu kamati ya chama. Kibarua akisema peke yake hufukuzwa kwa urahisi. Kamati ikisema, ni vigumu kuifukuza.

Swali la kujadiliana: Magogo yakiisha, watoto wetu watapasua nini?